Andrew Carnegie

Andrew Carnegie (Dunfermline, Uskoti, 25 Novemba 1835 – Lenox, Massachusetts, Marekani, 11 Agosti 1919) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani mwenye asili ya Uskoti. Alitajirika kwa viwanda vya feleji, yaani chuma kigumu cha kujengea reli, madaraja na majengo, kisha akatumia miaka yake ya mwisho kugawa sehemu kubwa ya mali hiyo. Anakumbukwa hasa kwa maktaba 2,509 zilizojengwa kwa fedha zake katika nchi mbalimbali, na kwa taasisi za hisani alizozianzisha, ambazo kadhaa zinafanya kazi hadi leo.

Fedha za maktaba zilikuwa na masharti. Kila mji uliozitaka ulipaswa kuomba kwa maandishi, kujibu maswali, kutoa kiwanja na kuahidi kulipia matunzo ya maktaba kila mwaka kutokana na kodi zake. Utaratibu huo ni kati ya mifano mikubwa ya kwanza ya namna taasisi binafsi inavyopokea, kupima na kujibu maombi ya ruzuku. Vikundi na mashirika yanayoomba misaada leo bado yanakutana na maswali yanayofanana na yale ya Carnegie.

Utoto

Carnegie alizaliwa Dunfermline, mji wa wafumaji wa vitambaa vya kitani. Baba yake, William, alifuma kwa mkono nyumbani kwake. Alikuwa mmoja wa wafumaji waliokusanya vitabu vyao pamoja na kuanzisha maktaba ndogo ya kuazimana. Mama yake, Margaret Morrison, alitoka katika familia ya washona viatu waliopenda siasa za kutetea haki za watu wa kawaida.

Mashine za kufuma zinazoendeshwa kwa mvuke zilipoenea, kazi ya mkono ilikosa soko. Margaret alifungua duka dogo la vyakula na kushona viatu ili familia ipate kula. Mwaka 1848 walikopa pauni 20 kutoka kwa rafiki wa mama, wakapanda meli kwenda Marekani. Walifikia kwa ndugu huko Allegheny, mji uliokuwa ng'ambo ya mto kutoka Pittsburgh, ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh.

Andrew alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12 katika kiwanda cha nguo. Alibadilisha vibiringo vya nyuzi kwa malipo ya dola 1.20 kwa wiki, saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Baadaye akawa tarishi wa ofisi ya telegrafu mjini Pittsburgh. Huko alijifunza kupokea ujumbe kwa kusikiliza milio ya mashine bila kusubiri iandikwe kwenye karatasi, ujuzi uliokuwa wa watu wachache wakati huo.

Maktaba ya Anderson na barua ya 1853

Katika mji wa Allegheny aliishi Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu vipatavyo 400. Aliwaruhusu vijana wafanyakazi kuazima kitabu kimoja kila Jumamosi na kukibadilisha wiki iliyofuata. Carnegie, aliyekuwa ameacha shule alipohama Uskoti, alipata sehemu kubwa ya elimu yake kutokana na vitabu hivyo.

Baadaye mkusanyiko huo uliongezwa na kuwa maktaba kwa ajili ya mafundi na vijana wanaojifunza ufundi. Msimamizi akaamua kwamba vijana wengine, wakiwemo matarishi, walipe dola 2 kwa mwaka. Mwaka 1853 Carnegie, akiwa na miaka 17, alipeleka barua katika gazeti la Pittsburgh Dispatch kupinga ada hiyo, akijitambulisha kama kijana mfanyakazi bila kutaja jina. Alieleza kwamba Anderson alikusudia vitabu viwafae vijana wote wanaofanya kazi. Baada ya majibizano gazetini kanuni ilibadilishwa, naye akaingia bila kulipa. Hivyo ombi lake la kwanza kwa wasimamizi wa hisani ya mtu mwingine lilikubaliwa. Miaka mingi baadaye aliijengea Allegheny maktaba, na mwaka 1904 akazindua sanamu ya kumkumbuka Anderson mbele yake.

Kutoka reli hadi feleji

Mwaka huohuo wa 1853 Thomas A. Scott wa Kampuni ya Reli ya Pennsylvania alimwajiri Carnegie kuwa karani na mpiga telegrafu wake kwa mshahara wa dola 35 kwa mwezi. Mwaka 1859 alikuwa tayari msimamizi wa tawi la magharibi la reli hiyo. Kwa ushauri wa Scott alianza kununua hisa, kwanza katika kampuni ya kusafirisha vifurushi, kisha katika kampuni ya mabehewa ya kulalia, visima vya mafuta na madaraja ya chuma.

Mwaka 1865 aliacha kazi ya reli ili kusimamia biashara zake. Mwishoni mwa 1868 alijiandikia karatasi ya siri. Ndani yake aliamua kwamba mapato ya dola 50,000 kwa mwaka yanamtosha, kwamba atastaafu akifika miaka 35, na kwamba kuendelea kukimbilia fedha tu kungemharibu. Hakustaafu wakati huo. Aliendelea na biashara kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1875 kiwanda chake kikubwa cha feleji kilianza kazi huko Braddock, karibu na Pittsburgh. Siri ya mafanikio yake ilikuwa hesabu: alijua gharama ya kila hatua ya uzalishaji, alibadilisha mashine mara zilipopatikana bora zaidi, na alinunua migodi, makaa na reli ili asitegemee wengine. Kufikia miaka ya 1890 kampuni yake ilikuwa kubwa kuliko zote za feleji nchini Marekani.

Mwaka 1887 alimwoa Louise Whitfield. Mtoto wao wa pekee, Margaret, alizaliwa mwaka 1897.

Mgogoro wa Homestead

Tukio lililoharibu zaidi jina lake lilitokea mwaka 1892 katika kiwanda cha Homestead, Pennsylvania. Mkataba na chama cha wafanyakazi ulikuwa unamalizika, na kampuni ilitaka kupunguza malipo. Carnegie alikwenda Uskoti na kumwachia madaraka meneja wake, Henry Clay Frick, akijua kwamba Frick alikusudia kukivunja chama hicho.

Frick aliwafungia wafanyakazi nje ya kiwanda na kukodi walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton. Walipofika kwa mashua tarehe 6 Julai walikuta wafanyakazi na wakazi wakiwasubiri ukingoni mwa mto. Mapigano ya siku hiyo yaliua watu wasiopungua 10. Gavana alituma wanajeshi wa jimbo, kiwanda kikafunguliwa kwa wafanyakazi wapya, na chama kikavunjika. Baada ya hapo siku ya kazi ya saa 12 na mishahara midogo vilikuwa jambo la kawaida katika viwanda vya Carnegie.

Mwaka 1898 Carnegie alifungua maktaba kubwa karibu na kiwanda hichohicho. Wakosoaji waliuliza mtu anayefanya kazi saa 12 kwa siku atasoma saa ngapi. Swali hilo lilimfuata katika miji mingi iliyofikiria kuomba fedha zake.

Fikra zake kuhusu mali

Mwezi Juni 1889 Carnegie alichapisha makala kuhusu utajiri katika jarida la North American Review. Alidai kwamba tajiri ni mdhamini tu wa mali aliyoikusanya, na anapaswa kuigawa akiwa hai kwa faida ya jamii. Kwa maoni yake, anayekufa akiwa na utajiri mkubwa amejiaibisha.

Hata hivyo hakuamini katika kumpa kila mwombaji. Alisema sadaka ya ovyo hudhuru kuliko kusaidia, na kwamba msaada mzuri ni ule unaompa nafasi mtu aliye tayari kujitahidi. Alitaja vyuo vikuu, maktaba, hospitali, bustani za umma, kumbi za mikutano na majengo ya ibada kuwa mahali panapofaa kupokea fedha. Wapinzani wake walijibu kwamba mali hiyo ilitokana na jasho la wafanyakazi, na kwamba wangefaidika zaidi kama wangelipwa vizuri tangu mwanzo.

Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa kundi lililoongozwa na J. P. Morgan kwa dola milioni 480. Sehemu yake mwenyewe ilikuwa takriban dola milioni 225, alizolipwa kwa hati za dhamana. Tangu siku hizo kazi yake kuu ilikuwa kutoa.

Maktaba

Maktaba ya kwanza aliyoigharimia ilijengwa Dunfermline. Mama yake aliweka jiwe la msingi mwaka 1881, na ilifunguliwa mwaka 1883. Marekani alianza na miji iliyohusiana na viwanda vyake: Braddock mwaka 1889, Allegheny mwaka 1890 na Pittsburgh mwaka 1895. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 alifungua mlango kwa mji wowote ulio tayari kutimiza masharti yake. Mwaka 1901 pekee aliahidi jiji la New York dola milioni 5.2 kwa ajili ya matawi ya maktaba.

Jinsi ombi lilivyoshughulikiwa

Barua za waombaji zilifika kwa mamia. Aliyezisoma na kuzijibu kwa niaba ya Carnegie alikuwa James Bertram, Mskoti aliyekuwa katibu wake tangu mwaka 1897. Bertram alikuwa mtu wa maneno machache. Alifanya karibu kila kitu kwa barua, aliepuka kuonana na wajumbe, na kwa kawaida hakuna mtu aliyetumwa kuutazama mji wenyewe. Ombi lilipita hatua hizi:

1. Barua ya kwanza. Mara nyingi iliandikwa na mwalimu, mchungaji, mhariri wa gazeti au chama cha wanawake. Bertram alijibu kwa kupeleka karatasi ya maswali na kutaka majibu yatoke kwa meya na halmashauri, kwa sababu ndio waliokuwa na uwezo wa kutoza kodi.

2. Karatasi ya maswali. Mji ulieleza idadi ya wakazi wake, kama una maktaba, iko wapi na ni ya nani, ina vitabu vingapi, viliazimwa vingapi mwaka uliopita, ina vyumba vingapi, mapato na matumizi yake ni kiasi gani, na halmashauri iko tayari kutoa fedha ngapi kila mwaka. Aliyeandika barua ndefu ya sifa bila kujibu maswali alirudishiwa karatasi ileile.

3. Kukadiria kiasi. Kipimo cha kawaida kilikuwa dola 2 kwa kila mkazi. Viongozi wengi walitia chumvi idadi ya watu au kuhesabu wale waliotarajiwa kuhamia baadaye. Bertram alilinganisha majibu yao na sensa ya serikali na kufuata sensa.

4. Ahadi ya mji. Halmashauri ilipitisha azimio rasmi la kutenga kila mwaka kiasi kisichopungua asilimia 10 ya ruzuku kwa ajili ya kuendesha maktaba, na kuahidi kwamba huduma zitakuwa bila malipo.

5. Kiwanja. Mji ulitoa ardhi, kwa kununua au kwa kupewa na mkazi. Hatua hii ilileta ugomvi mara nyingi, kwa kuwa kila mtaa na kila mwenye duka alitaka jengo liwe karibu naye.

6. Michoro. Kuanzia takriban mwaka 1908 ramani za jengo zilipaswa kuidhinishwa na Bertram kabla ya ujenzi. Alikuwa ameona miji ikimaliza fedha kwa nguzo, makuba na ngazi za fahari huku nafasi ya wasomaji ikiwa finyu. Mwaka 1911 alitoa kijitabu cha maelekezo chenye mifano ya ramani za vyumba.

7. Malipo. Fedha zilitolewa kidogokidogo kadiri ujenzi ulivyoendelea, baada ya hati za msanifu kupokelewa. Jengo lilipaswa kukamilika ndani ya kiasi kilichoahidiwa.

Kwa kipimo hicho, mji wa watu 5,000 ungeweza kupata dola 10,000, nao ungepaswa kutenga dola 1,000 kila mwaka. Kutokana na kiasi hicho cha mwaka ulimlipa mkutubi, ukanunua makaa ya kupasha joto, ukafanya matengenezo na kuongeza vitabu, kwa kuwa ruzuku ilikuwa ya jengo tu.

Carnegie alitetea sharti la asilimia 10 akisema kwamba maktaba inayolipiwa na kodi inakuwa mali ya wakazi wenyewe. Kwa upande wa pili, sharti hilo liliupa mji wajibu usio na mwisho kwa malipo ya mara moja kutoka kwake. Miji zaidi ya 200 nchini Marekani ilianza mazungumzo bila kufikia hatua ya kujenga, kwa sababu ya kiwanja, kodi au upinzani wa wapiga kura.

Kwa jumla, maktaba 1,679 za umma zilijengwa Marekani katika miji 1,412, 660 katika Uingereza na Ayalandi, 125 nchini Kanada, na nyingine katika nchi kama Afrika Kusini na Nyuzilandi. Zote pamoja ziligharimu zaidi ya dola milioni 56.

Ombi la Tuskegee

Mfano unaojulikana wa ombi lililofaulu ni ule wa Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Wamarekani Weusi cha Tuskegee, Alabama. Alipokutana na Carnegie mara ya kwanza, mfadhili huyo hakuonyesha hamu kubwa. Washington hakukata tamaa. Kwa takriban miaka kumi alihakikisha kwamba Carnegie anapata habari za maendeleo ya chuo.

Tarehe 15 Desemba 1900 alimwandikia barua fupi ya kuomba jengo la maktaba la dola 20,000. Alitaja idadi ya watakaolitumia: wanafunzi 1,100, walimu na watumishi 86 pamoja na familia zao, na Weusi wapatao 200 walioishi jirani. Alisema chuo kina vitabu na majarida zaidi ya 12,000 lakini hakina mahali pa kuyaweka wala chumba cha kusomea. Kisha akaeleza kwamba wanafunzi wenyewe watafyatua matofali, watajenga kuta na kufanya useremala, na kwa kazi hiyo watajifunza ufundi na kujilipia masomo. Jibu lilikuja kwamba bili za ujenzi zitalipwa hadi kufikia kiasi kilichoombwa.

Barua hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho Carnegie alikipima: haja iliyo wazi, hesabu, kiasi kamili na mchango wa waombaji wenyewe. Mwaka 1903 alikipatia chuo hicho dola 600,000 kwa ajili ya mfuko wake wa kudumu.

Waliokataa na walioachwa nje

Si kila mji ulipokea fedha hizo kwa furaha. Vyama vya wafanyakazi katika sehemu mbalimbali vilikumbusha damu iliyomwagika Homestead. Huko Wheeling, West Virginia, vyama hivyo viliongoza kampeni mwaka 1904, na pendekezo la kukopa fedha kwa ajili ya maktaba ya Carnegie likashindwa katika kura. Wakazi baadaye walijenga maktaba yao wenyewe.

Tatizo zito zaidi lilikuwa ubaguzi wa rangi. Masharti ya Carnegie yalidai huduma bila malipo, lakini hayakuulazimisha mji kuwahudumia watu wote. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani halmashauri zilizoomba zilikuwa za Wazungu, na ndizo zilizoamua nani aingie. Wakazi Weusi walihesabiwa katika sensa iliyotumika kukadiria ruzuku, na walilipa kodi zilizoendesha maktaba, ila mara nyingi mlango ulifungwa kwao.

Maktaba ya Carnegie ilipofunguliwa Atlanta mwaka 1902, msomi W. E. B. Du Bois aliongoza ujumbe kwenda kwa wasimamizi kudai haki ya Weusi kuitumia. Hawakuruhusiwa, tawi lao lilipatikana mwaka 1921. Mahali pengine Weusi waliomba majengo yao wenyewe. Louisville, Kentucky, ilikuwa na tawi la namna hiyo tangu 1905, na mwaka 1908 tawi hilo likahamia katika jengo lililogharimiwa na Carnegie. Mkutubi wake, Thomas Fountain Blue, aliwafundisha kazi wakutubi wengi Weusi wa kusini. Houston, Texas, ilipata maktaba ya Weusi mwaka 1913. Kinyume chake, maktaba ya Washington, D.C., iliyofunguliwa mwaka 1903, ilipokea watu wa rangi zote.

Mifuko na taasisi nyingine

Carnegie alianzisha mifuko mingi, kila mmoja ukiwa na kazi yake:

- Mfuko wa vyuo vikuu vya Uskoti (1901), uliowasaidia wanafunzi kulipa ada.
- Taasisi ya utafiti wa sayansi mjini Washington (1902).
- Mfuko wa mashujaa (1904), kwa watu waliohatarisha maisha yao kuwaokoa wengine, na kwa familia za waliokufa wakifanya hivyo.
- Taasisi ya kuendeleza ualimu (1905), iliyowalipa pensheni maprofesa wazee.
- Wakfu wa amani ya kimataifa (1910).

Pensheni za maprofesa zinaonyesha nguvu ya masharti ya ruzuku. Vyuo vilivyotawaliwa na madhehebu ya dini havikustahili kuingia katika mpango huo, na baadhi yake vilibadilisha katiba zao ili vikubaliwe.

Makanisa nayo yaliomba vinanda vikubwa. Carnegie aligharimia zaidi ya vinanda 7,600, na mara nyingi alitoa nusu ya bei baada ya waumini kuchanga nusu nyingine. Alitoa pia dola milioni 1.5 za kujenga Jumba la Amani mjini Den Haag, Uholanzi, lililofunguliwa tarehe 28 Agosti 1913, mwaka mmoja kabla ya kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vita hivyo vilimvunja moyo.

Shirika la Carnegie la New York

Kufikia mwaka 1910 Carnegie aliona kwamba hataweza kumaliza kugawa mali yake akiwa hai. Kwa ushauri wa rafiki yake Elihu Root, mwaka 1911 alianzisha Shirika la Carnegie la New York na kulikabidhi sehemu kubwa ya mali iliyobaki, takriban dola milioni 125. Lengo lake liliandikwa kwa maneno mapana: kuendeleza na kueneza maarifa. Mali yenyewe ingewekezwa, na ruzuku zingetokana na mapato yake. Aliwaachia wadhamini uhuru wa kubadilisha mipango kadiri nyakati zinavyobadilika.

Shirika lilichukua pia kazi ya maktaba. Mwaka 1916 mwanauchumi Alvin Johnson, aliyetumwa kuzikagua, alitoa taarifa kwamba majengo mengi yalikuwa mazuri lakini huduma zilikuwa dhaifu. Wakutubi wengi hawakuwa na mafunzo, na baadhi ya miji haikutimiza ahadi ya asilimia 10. Alishauri fedha zielekezwe kwenye mafunzo ya wakutubi, na kwamba hali za miji zikaguliwe papohapo. Mwaka 1917, Marekani ikiwa imeingia vitani, shirika liliacha kupokea maombi mapya ya majengo ya maktaba.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Sehemu ya mali ya shirika ilitengwa kwa ajili ya Kanada na makoloni ya Uingereza, na kwa njia hiyo fedha za Carnegie zilifika Afrika Mashariki baada ya kifo chake. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa shirika hilo. Jina lilitoka kwa Anna T. Jeanes, mwanamke wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani Weusi. Shule ya Kabete ilifundisha walimu waliozunguka kusaidia shule za vijijini, na wake zao walifundishwa pia.

Mfumo huo ulifuata mawazo yaliyojaribiwa kusini mwa Marekani, yakiwemo ya Tuskegee. Ulisifiwa kwa kuwafikia watu wa vijijini, na ulilaumiwa kwa kuwaelekeza Waafrika kwenye kilimo na kazi za mikono wakati wengi wao walidai elimu ya juu. Mahali hapo baadaye pakawa chuo cha kufundishia maofisa wa serikali ya Kenya. Katika Bahari ya Hindi, visiwa vya Shelisheli na Morisi vilipata pia majengo ya maktaba kwa fedha za Carnegie.

Mwaka 2000 shirika liliungana na wakfu za Ford, MacArthur na Rockefeller katika mpango wa kusaidia vyuo vikuu vya Afrika, vikiwemo Makerere na Dar es Salaam.

Kifo

Carnegie alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 Agosti 1919 katika nyumba yake ya Shadowbrook, Lenox, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa katika makaburi ya Sleepy Hollow, jimbo la New York. Alikuwa ametoa takriban dola milioni 350. Kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe kilichapishwa mwaka 1920.

Tathmini

Wanahistoria hawakubaliani juu ya Carnegie. Wengine humwona kama mtu aliyefungulia mamilioni ya watu milango ya vitabu na kuwafundisha matajiri wengine wajibu wa kutoa. Wengine husema kwamba mtu mmoja hakupaswa kuwa na uwezo wa kuamua kipi kifae miji mizima, na kwamba waliolipia ukarimu wake ni wafanyakazi wa viwandani.

Utaratibu wake wa ruzuku nao una pande mbili. Karatasi ya maswali iliupa mji mdogo usio na marafiki wakubwa nafasi ileile ya kujieleza kama mji mkubwa, na ahadi ya mwaka ilifanya maktaba nyingi zidumu baada ya mfadhili kufa. Lakini maswali yaliyoulizwa yalihusu idadi ya watu, vitabu na fedha. Hakuna lililouliza nani ataruhusiwa kuingia, na huko Atlanta na kwingineko jibu lilibaki mikononi mwa halmashauri.

Majengo mengi ya Carnegie bado yanatumika kama maktaba, na mengine yamegeuzwa kuwa makumbusho, ofisi au kumbi za jamii. Shirika la Carnegie la New York linaendelea kutoa ruzuku kwa ajili ya elimu, amani na maarifa.